Jino Lililotiwa Nguzo

Jioni moja ya mavuno, tulipokuwa tumeketi juu ya turubai kando ya mfereji tukingojea upepo wa kupepetea mpunga, jirani yangu hapa Mabogini, mzee wa kanisa aliyekwisha kuvuka miaka 70 na ambaye majaruba yake yanakunywa maji ya mfereji mmoja na yangu, aliniuliza swali ambalo tangu siku ile nimelichukua kama mtu achukuavyo deni. Alitaka kujua, jino likiisha kutolewa kiini chake, likabaki gamba lisilohisi baridi wala moto, mtu ana sababu gani ya kuliacha kinywani, kulisimamishia nguzo ndani na kulivika kofia juu, kana kwamba mauti hayakulifikia. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "maiti huzikwa. Hatumpambi tukamketisha mezani pamoja nasi."

Hakuwa na dhihaka. Aliuliza kwa sababu aliniona nimeshuka kutoka mjini Moshi mchana ule, shavu la kushoto zito kwa ganzi, baada ya kutibiwa mzizi wa jino. Naye alijua pia kwamba nyumbani, ndani ya kibweta, nimehifadhi katika kitambaa cheupe jino jingine lililotibiwa vivyo hivyo miaka iliyopita, na ambalo lilinivunjikia.

Lile la kwanza lilikuwa gego dogo la juu, la pili baada ya chonge. Lilipotoboka hata uozo ukafika kwenye kiini, tabibu alilisafisha, akaupanua mfereji wa mzizi wake, akalitia nguzo ya chuma iliyoingia kwa kukazwa kama parafujo, akalifunika. Nami nikaondoka nikiamini kwamba katika meno yangu yote hilo ndilo imara kupita mengine, maana ndani yake mna chuma. Imani hiyo ilikaa nami hadi sikukuu moja ya Idi, nilipotafuna kijiwe katika pilau, kijiwe kisichozidi chembe ya mtama, cha namna ile isiyokosekana katika mchele wa mpunga uliopigwa juu ya udongo, hata ungo ukiupitia mara tatu. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kivunjikacho chini ya majani. Sikuumia. Kutoumia huko nilikuhesabu kuwa neema, nikaendelea kula. Na majuma kadhaa baadaye, ufizi ulipovimba na usaha ukaanza kutoka, niliambiwa kwamba mzizi umepasuka kwa urefu, na mzizi uliopasuka kwa urefu hauna tiba ila kung'olewa.

Nililiomba jino lile, nikalitazama juani. Mstari mweusi, mwembamba kuliko unywele, umeshuka kutoka shingoni hadi karibu na ncha ya mzizi, na ukilibana kwa kucha utaona vipande viwili vikiachana kidogo na kurudiana, kama mlango usiofungika vizuri. Ndani yake nguzo ya chuma imesimama nzima, inang'aa, haikupinda wala haikushika kutu. Kilichowekwa ili kiokoe kilisalimika, na kilichokusudiwa kuokolewa ndicho kilichohiliki. Na hapo nilianza kufahamu kwamba jambo hili si la matabibu peke yao.

Matabibu wenyewe walichelewa kulifahamu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jino lililotolewa kiini hukauka na kuwa jepesi kuvunjika kama tawi lililokatwa mtini, na kwa hiyo sharti litiwe kitu kigumu ndani ili kilipe nguvu. Dhana hiyo ina sura ya akili, na ndiyo maana iliishi sana. Lakini Reeh na wenzake, walipopima mwaka 1989 ni kiasi gani jino hupoteza ukakamavu wake, waliona kwamba kutibu mzizi peke yake hupunguza asilimia 5 tu, ilhali kulichimba jino kwa ajili ya kuliziba, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kupitia juu, hupunguza asilimia 63. Na Sedgley na Messer, waliolinganisha mwaka 1992 meno yasiyo na kiini na wenzao walio hai wa upande wa pili wa kinywa kile kile, hawakukuta tofauti ya maana katika dentini, yaani ule mwili wa jino ulio chini ya gamba gumu la juu. Jino, basi, halidhoofishwi na kufa kwake. Hudhoofishwa na kupunguzwa. Kila chuma cha tabibu kinapopita na kuondoa, iwe ni kwa kutoa uozo au kwa kutafuta nafasi ya nguzo, nguvu hutoka, na nguzo iingiayo haiirudishi.

Mtu wa Mabogini hana haja ya vipimo ili aliamini hilo. Tunaishi kwa mifereji, tangu ilipokamilika mwaka 1987 ile skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani ili maji ya mito ya Rau na Njoro yafike katika mashamba ya chini. Na kila mkulima aliyepata kuutunza mfereji wa udongo anajua kwamba ukiuchimba na kuupanua upitishe maji mengi zaidi, unaukondesha ukingo wake, na siku ya maji ya masika ukingo ndio upasukao. Mzizi wa jino nao una mfereji, tena mwembamba sana. Ukipanuliwa upokee nguzo nene, kuta zake hubaki kama karatasi, na nguvu ya kutafuna, ambayo kwa wasagao meno usingizini haikomi hata usiku, huzisukuma kuta hizo kutoka ndani kama kabari isukumavyo gogo.

Nimesoma kwamba Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye kitabu chake kikubwa cha utabibu wa meno kilitoka mwaka 1728, alikwisha kusimamisha meno ya bandia juu ya mizizi kwa nguzo za dhahabu au za fedha, na kwamba katika zama hizo hizo na baadaye walikuwapo waliotumia vijiti vya mti. Na vijiti hivyo, vilipokunywa mate, vilivimba vikaipasua mizizi, sawasawa na afanyavyo mvunja mawe atiaye kabari kavu katika ufa kisha akaimwagia maji. Nguzo yangu ya chuma haikuvimba, lakini ilifika pale pale kwa njia nyingine. Chuma cha pua kina ukakamavu uzidio ule wa dentini mara 10 na zaidi. Jino linapolemewa hutaka kupinda kidogo, kadiri isiyoonekana kwa macho, maana ndivyo lilivyoumbwa. Nguzo iliyo ndani yake ikakataa kupinda, na mzigo wote ukateremshwa hadi chini ncha ya nguzo inapokomea, na ufa ukapata pa kuanzia.

Tangu mwaka 1990, Duret na wenzake walipoleta huko Ufaransa nguzo za nyuzi za kaboni, na baada yake zikaja za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, matabibu wamepata nguzo ambayo ukakamavu wake haukubaidika sana na ule wa jino lenyewe. Nguzo ya namna hii haina uhodari wa chuma, na yamkini ikaachia mapema zaidi. Hiyo ndiyo fadhila yake. Inaposhindwa, aghalabu huvunjika yenyewe au hubanduka katika gundi yake, na mzizi ukabaki mzima, tabibu akaweza kuitoa na kuanza tena. Na kuliko nguzo yoyote, ya chuma au ya nyuzi, kinachoamua maisha ya jino ni ule ukingo wake uliosalia juu ya ufizi: ukiwapo wa milimita 2 hivi kuuzunguka mzingo wote, kofia hupata pa kukumbatia, nayo hulishika jino kama noleo, ile pete ya chuma inayovikwa mpini wa kisu mahali mkia wa kisu unapoingia, ishikavyo mti usipasuke. Pasipo ukingo huo noleo halina cha kushika, na nguzo, hata ingekuwa ya dhahabu, inasimama juu ya gofu. Ndiyo maana tabibu mwangalifu wa leo, akikuta kuta za jino zimebaki za kutosha, haweki nguzo kabisa. Na akilazimika kuiweka, huiweka kwa muradi mmoja tu, kushikilia jengo la juu, wala hamwahidi mgonjwa wake nguvu.

Nilimweleza mzee haya yote, naye akasikiliza kwa subira, kisha akanirudisha mahali alipoanzia: je, ni maiti au si maiti?

Si maiti kamili. Mzizi umefungwa katika mfupa wa taya kwa nyuzi nyembamba zenye damu na fahamu zake zenyewe, ambazo hazikupita kamwe katika kiini, na nyuzi hizo huendelea kuishi na kulilea jino kwa nje baada ya kiini kutolewa. Hata mtu akigonga jino hilo kwa kidole atajua kwamba limegongwa. Limepoteza uhai wa ndani, likabakiwa na uhai wa jamaa zake. Mahali pa kiini hutiwa guta-pacha, utomvu mgumu wa mti wa nchi za Malaya, na moyo wangu ulituna nilipojua kwamba utomvu huo ndio uliofunika zile waya za simu zilizolazwa chini ya bahari na kuifikia Unguja kutoka Aden mwaka 1879: kitu kilichozilinda habari za walimwengu zisizame katika maji ya chumvi, leo kinaziba kimya mahali ambapo habari hazitoki tena.

Na kilichopotea hasa ni habari. Randow na Glantz, mwaka 1986, walipoyatwisha mzigo meno ya watu, waliona kwamba yasiyo na kiini yalivumilia zaidi ya mara mbili ya mzigo waliouvumilia majirani zao walio hai, kabla mwenye nayo hajahisi maumivu. Mwenye kusoma haraka atasema hayo ndiyo meno hodari. Mimi nimeliona jambo hili kwa jicho la mtu aliyekula pilau na kijiwe: jino lililo hai lingenipigia kelele nikafungua kinywa, na lile lililonyamazishwa likaniacha niume hadi lipasuke. Tunamwomba Mungu usiku na mchana atuondolee maumivu, nami sitaacha kuomba hivyo, kwa kuwa nimeuguza na nimeugua. Lakini tangu Idi ile sithubutu kusema kwamba maumivu hayana kazi katika milki yake, wala sitaki tena kuwa mtu asiyeumia anapotafuna kisichotafunwa.

Mimi ni Mwislamu, na swali la jirani yangu lilinirudisha kwa mafakihi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivunjwa jino katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, na jambo hilo halikufichwa wala halikuonewa haya na waliosimulia sira yake. Sahaba wake Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika siku ya Kulab zama za ujahiliya, alijitengenezea pua ya fedha. Ilipomtolea uvundo, Mtume alimwamuru atengeneze ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Juu ya msingi huo Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Lamu na Unguja wamekisoma kizazi baada ya kizazi, anapomharimishia mwanamume pambo la dhahabu hutoa vitu vitatu: pua, ncha ya kidole, na jino. Kwa upande wa pili iko hadithi mashuhuri inayowalaani wanaojichonga meno na kuyatia mianya kwa kutafuta uzuri, wakaligeuza umbo la Mungu. Mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa, na baina yake umepita mpaka wa kurudisha na kubadili.

Mpaka huo si mwepesi kuuona kama usemavyo mdomo. Wamasai, wanaochunga katika nyika zilizo chini yetu, wana desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, na sababu wanayoieleza ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya zikafungana, pawe na mlango wa kumpitishia chakula. Mwenye haraka ataita jambo hilo kugeuza umbo, nami, baada ya kutafakari, naliona kuwa ni tahadhari ya watu waliotafuta uhai pasipo chanjo. Lakini kuwachokoa watoto wachanga ufizi na kuwatoa machipukizi ya chonge kwa madai kwamba ni "meno ya plastiki" yaletayo homa na kuhara, uovu ulioenea katika nchi yetu na ambao umewatia watoto katika hatari ya kutokwa damu na kuoza jeraha, ni dhuluma tupu, hata akiitenda mama mwenye machozi. Kwa kuwa jino ambalo halijatoka ni amana ambayo mwenyewe hawezi bado kusema neno la kuitetea.

Iko mas'ala nyingine katika kitabu kile kile cha Minhaj ambayo ndiyo iliyonipa jibu. Mtu aliyevunjika mfupa, akauunga kwa mfupa wa najisi kwa kukosa ulio tohara, ana udhuru. Na hata yule asiye na udhuru hasharutishwi kuutoa ikiwa kuutoa kutamletea madhara yaliyo dhahiri. Na akifa nao, kwa kauli iliyo sahihi, haung'olewi. Tazama fakihi alivyouliza. Hakuuliza kama kile kilichoungwa ki hai au ki mfu. Aliuliza kama mwenye nacho atadhurika kikiondolewa. Jino lililokufa kiini bado linashika nafasi yake, linawazuia jirani zake wasiinamie pengo, linatafuna, linatamka herufi. Ukiling'oa, anayedhurika si jino. Nilipomsomea mzee maana ya maneno hayo, alitikisa kichwa, akanikumbusha kwamba Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliuita mwili hekalu. "Na hekalu," akasema, "hutengenezwa watu wakiendelea kusali ndani."

Hata hivyo kutengeneza kuna adabu yake. Panda kutoka huku kwetu uende Kibosho au Old Moshi, uione migomba iliyoelemewa na mikungu jinsi ilivyoegemezwa kwa miti yenye panda. Mkulima mgeni hukata mti mnene, akaukita, akaufunga mgomba kwa kamba iliyokazwa barabara, na upepo ukija mgomba huvunjika pale pale kamba ilipoukaba. Mzoefu huuweka mkungu katika panda na kuuachia mgomba nafasi ya kuyumba, na mti wake wa kuegemezea mara nyingi ni mwembamba, huo huo unaoweza kuanguka kesho akauinua tena. Nimeuona ugumu ule wa mkulima mgeni katika malezi, katika ndoa, na katika mawaidha yetu sisi walimu wa dini, ambao mtu akitujia amekongoroka na dhambi au msiba, tunamtia ndani hukumu zilizonyooka kama chuma, tukajisifu kwamba tumemsimamisha. Kisha anapasuka kwa urefu, na hukumu zetu zinabaki ziking'aa, nasi tunamlaumu kwa udhaifu wake.

Dini yenyewe haikuwekwa hivyo. Tunasema Uislamu una nguzo tano, nasi watoto tuliofunzwa kuzihesabu kwa vidole tulidhani ni nguzo za mawe. Lakini asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala; msafiri hufupisha rakaa; mgonjwa hula mchana wa Ramadhani akalipa siku nyingine; asiye na maji hutayamamu kwa vumbi; asiye na uwezo wa safari hana hija juu yake. Mwenye kuzisimamisha nguzo hizo alimjua yule azibebaye, akazifanya ziweze kupinda pamoja naye, na katika kupinda huko hakuna hata moja iliyoitwa imevunjika. Nimeswali miaka mingi nikizihesabu ruhusa hizo kuwa huruma iliyoongezwa baadaye juu ya sheria ngumu. Sasa naona ruhusa hizo ni sehemu ya ujenzi.

Jino langu la pili limetiwa nguzo ya nyuzi, baada ya tabibu kijana kunionyesha kwa kioo kidogo ukingo uliosalia, akaupima, akaniambia kwamba ameondoa uozo tu na hakugusa kingine. Hakunipa dhamana ya miaka. Kofia itakuja baadaye.

Haya yote niliyasema kwa raha ya mtu aliyeweza kulipa, na raha hiyo hainipi amani. Kwa watu wengi wa vijijini mwetu tiba ya jino ni moja, kung'oa, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ndiyo ambayo mfuko unaifikia. Na siwezi kumwambia mtu kwamba jino lake ni amana, kisha nikaona ni sawa amana ya mwenye fedha itunzwe na ya asiye nazo itupwe katika ndoo. Tulipokwisha kupepeta, mzee alisogea karibu, akafungua kinywa, akanionyesha kwa ncha ya kidole gego la chini la kushoto, lenye shimo jeusi linaloweza kumeza punje ya mpunga. Amekuwa akitafunia upande mmoja tangu masika, akasema, na zahanati amekwisha kuambiwa aje ling'olewe. Akaniuliza bei ya tiba ile ya mjini, nami nikamtajia. Hakusema ni ghali wala si ghali. Aliyatazama magunia yake yaliyosimama kando ya turubai, akaanza kuyahesabu, na alipofika mwisho akarudi, akayahesabu tena.